Motokari nayo inaomba posho yake

Siku ya posho asubuhi, ikuwe ku Kolwezi, ikuwe ku Fungurume ao ku Likasi, tunaona jambo moja mbele ya milango yetu. Mtu wa mgodi amelipwa, amepewa siku mbili tatu za kupumzika, na motokari inasimama na kofri wazi. Tunapakia. Magunia mawili ya makala, juu ya ku Lubumbashi makala iko bei kali. Gunia ya bunga. Mbuzi wa shemeki mwenye kuoa. Kesi ya Simba ya sherehe. Sanduku za watoto, na bidoni ya mafuta ya ngazi ya bibi. Nafasi inaisha. Halafu mmoja wetu, na kwa kawaida ni baba wa nyumba, anaangalia pine ya sekuru na kusema: “Hii tuiache. Ni safari ya masaa tatu, ine tu.”

Siye njo wale. Hatuandike maneno haya juu ya kuhukumu wengine. Tumeacha pine ya sekuru nyuma ya jikoni mara mingi, na mara mingi tulifika salama. Njo maana tuliendelea kuiacha.

Lakini tuangalie motokari ya kazi. Ile pikapu ya mgodi, yenye kibendera juu ya fimbo ndefu na taa ya kuzunguka ku paa, haipite bariyeri kama haijakaguliwa. Mtu wa usalama anafungua mlango na kuhesabu. Ekstinteri iko, na sindano yake iko fasi ya kijani. Triangle mbili ziko. Sanduku ya dawa iko, na haiko tupu. Pine ya sekuru iko na upepo. Kriki iko, kle ya magurudumu iko, zile kale za kuzuia motokari isitembee ziko. Kimoja kikikosekana, shofele anarudi parkingi, hata kama shefu ndiye amekaa ndani. Na siye tunaona ni sawa. Hakuna mwenye kusema “ni safari ya dakika kumi tu.”

Kila asubuhi tena, mbele ya kuanza kazi, tunasimama dakika 15 kusikiliza habari ya usalama. Tunazijua kwa kichwa. Bila kaske, bila bote, bila jile, huingie. Halafu siku ya posho inafika, tunavua EPI, tunaifungia mu kabati ya kazi, na inaonekana ni kama akili yetu ya usalama nayo tunaifungia humo. Ile pikapu inabeba watu wa kampuni kilomita tano ndani ya mgodi, na iko na kila kitu. Motokari ya nyumba inabeba mke, watoto na bibi kilomita 300, na haina hata maji.

Tunataka kusema jambo moja leo: kitu tunachokubali kwa motokari ya kazi, tuikubalie motokari ya watoto wetu. Si zaidi, lakini si chini yake.

Tuwaelezee kilichotufikia wenyewe. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua ikiwa mu nguvu yake. Tulitoka Likasi tukienda Lubumbashi ku matanga ya mama mkubwa. Wakubwa watatu, watoto wane. Tulichelewa kutoka, kama kawaida, juu ya mmoja alikuwa anangojea feza na mwingine alikuwa anangojea nguo ipasiwe. Luisha tuliipita wakati jua linaingia. Mbele kidogo, mvua ikashuka kwa bupesi, na shimo la njia hatukuliona. Pine ya nyuma ikapasuka. Ya sekuru ilikuwa Likasi, nyuma ya jikoni, na fasi yake mu kofri ilikaliwa na makala.

Tukafanya kile watu wote wanafanya: tukavunja matawi, tukayaweka mu barabara. Lakini matawi usiku, tena mu mvua, nani anayaona? Kamyo ya kwanza iliyapita juu, ikatukwepa kwa nafasi ndogo sana, na upepo wake ukatikisa motokari na watoto wakiwa ndani. Tukatoa watoto wote, tukawapeleka mbali ya njia, mu majani, mu mvua. Simu moja ilikuwa imezimika, ya pili ilikuwa na batri ya kuongea dakika chache, na rezo ilikuwa inakuja na kutoka. Mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka miwili, akaanza kutetemeka. Mama yake akamfunga na kikwembe, lakini kikwembe nacho kilikuwa kimelowana. Akaomba maji ya kunywa. Tukafungua kofri. Tulikuwa na kesi moja ya Simba, na hatukukuwa na hata kopo moja ya maji.

Mtu aliyetusaidia alikuwa shofele wa kamyo aliyekuwa anaenda Kasumbalesa. Alisimama mbali kidogo, akaweka triangle yake moja nyuma, ingine mbele, akaja na torshi, bulangeti na bidoni ya maji. Hakutukana. Alituuliza tu: “Baba, triangle yenu iko wapi?” Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa usiku kati wakati ndugu mmoja alifika na pine ya kuazima. Mama mkubwa alizikwa bila siye kumuona, na mtoto alilazwa siku ine juu ya kifua. Alipona, asante Mungu. Lakini feza tuliyolipa ku hospitali ingeweza kununua vitu vyote tunavyotaka kuwaambia hapa, na nyingi ingebaki.

Watu wengine watasema: hiyo ilikuwa bahati mbaya. Hapana. Barabara yetu tunaijua. Hii RN1, toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi, na toka Likasi mpaka Kolwezi karibu 180 ingine. Ni njia ya kila kitu. Shaba na kobalti zinashuka nayo kwenda Kasumbalesa na Zambia. Asidi, chokaa, mazutu na mashini zinapanda nayo kwenda migodi. Katikati ya yale makamyo njo tunapita siye na taxi-bus, na mapikipiki, na baiskeli za makala, na watoto wenye kutoka masomo. Mu kiangazi mavumbi ya njia za kando yanafunika macho. Mu masika, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, mvua inaficha mashimo. Fasi kama hiyo, kama ingekuwa ndani ya mgodi, hakuna shefu angekuacha uingie bila kaske. Barabara ni kazini. Ni kazini kuliko kazini penyewe.

Tukumbuke mwezi wa pili 2019. Upande wa Tenke, mu Lualaba, kamyo yenye kubeba asidi ya kupeleka mgodini iligongana na motokari zingine, na moja ilikuwa basi ya watu. Asidi ikamwangika juu ya watu. Wakafa karibu 20, na wengine wakaungua. Siye wenye kufanya na ile asidi tunaijua: njo inatoa shaba na kobalti ndani ya mawe. Kazini, karibu na kila tanki yake, kuna bomba ya maji ya kujimwangia kama imekugusa. Ku njia hakuna bomba. Maji yako njo ile uliyobeba.

Njo maana mu mambo yote ya kupakia, tunaanza na maji. Bidoni moja ya lita 20, safi, yenye kufungwa muzuri, isiyokuwa na harufu ya mazutu. Hiyo ni ya motokari, haiko ya kunywa. Ni ya radiateri, ya kunawa kidonda, na ya ile siku mbaya. Mtu akiguswa na asidi, kwanza aondoke fasi ya moshi wake, avue nguo iliyolowana, na mwangieni maji mingi kwa dakika 20 ao zaidi, bila kusimama. Kama ni chokaa ya unga, kwanza pangusa unga ukiwa mukavu, kisha maji mingi. Kama ni moto, maji ya baridi dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta ya ngazi, hakuna yai. Kisha hospitali. Hii tuliisikia mara mia mu zile dakika 15 za asubuhi. Je, bibi zetu waliisikia? Watoto wetu wakubwa waliisikia? Tuipeleke ku nyumba.

Na pale kamyo ya tanki imeanguka, kitu cha kwanza cha kubeba ni miguu yako mwenyewe: ondoka. Mwezi wa saba 2010, ku Sange, Kivu ya Kusini, kamyo ya esanse ilianguka, watu wakakaribia, wengine na bidoni na sahani za kuchota. Moto ukashika. Walikufa zaidi ya 200. Mwezi wa kumi 2018, ku Mbuba, Kongo Central, tanki ingine iligongana na motokari ingine, ikawaka, ikauwa karibu 50. Mwezi wa munane 2019, ku Morogoro ya Tanzania, watu walikuwa wanachota, karibu mia wakafa. Ekstinteri ndogo ya motokari haizime tanki. Usijaribu. Hiyo ni ya moto mdogo wa injini yako, dakika ya kwanza.

Sasa kofri. Tuko na desturi ya kupanga vitu vya safari ku mafungu matatu, na tunaona ni rahisi kwa kila nyumba kukumbuka.

Fungu la kwanza ni vitu vya kukufanya uonekane. Triangle mbili, ya nyuma na ya mbele, juu makamyo yanatoka pande zote mbili. Jile moja yenye kung’aa kwa kila mkubwa. Jile za kazi zilizochakaa, kampuni ikikubali uzibebe, zinatosha, bora ziwe zingali zinang’aa. Torshi, na batri zake kando, haziko ndani. Triangle usiiweke karibu na motokari. Tembea hatua mia moja nyuma, na kama kuna kona ao kilima, iweke mbele ya ile kona, shofele aione akiwa angali na nafasi ya kusimamisha. Watu wote wakae mbali ya njia, wasikae ndani ya motokari na wasisimame nyuma yake.

Na matawi? Tukikosa kitu kingine, tuweke matawi. Lakini tukimaliza, tuyaondoe. Na mawe zaidi. Ni mara ngapi tunakuta mu RN1 mawe makubwa yaliyopangwa katikati ya njia, na kamyo iliyotengenezewa pale iliondoka tangu jana? Yule aliweka mawe juu ya kujiokoa, akayaacha kwa kuuwa mwingine. Ile ni dhambi, hata kama hakuna askari wa kuiona.

Fungu la pili ni vitu vya kukufanya uondoke pale. Pine ya sekuru yenye upepo. Ipime kila mwezi, juu nayo inaisha upepo hata bila kutembea. Kriki, na kle yenye kuingia muzuri ku bulo za magurudumu yako, si ya motokari ya jirani. Tunajua ndugu aliyekuwa na pine, kriki na kle, lakini kle haikuingia. Alilala njiani sawa na mtu asiyekuwa na kitu. Basi jaribu kwako, mu parseli, mu jua, ukiwa na nguvu. Ongeza kipande cha ubao chini ya kriki, juu mu matope kriki inazama. Pompe ya mguu, kamba ngumu ya kuvuta, kabulu za batri, lita moja ya mafuta ya injini. Na ekstinteri, lakini isikae mu kofri chini ya magunia. Fasi yake ni karibu na miguu ya mwenye kukaa mbele, yenye kufungwa ili isiruke.

Na hapa tuseme kweli kidogo. Mingi yetu tuko na “ekstinteri ya polisi.” Tuliinunua ku soko juu ya kumuonyesha askari wa barabarani akiuliza. Sindano yake iko fasi nyekundu tangu zamani. Triangle yetu ni ile iliyovunjika mguu. Sanduku ya dawa iko na pamba moja na sindano za kushonea za mama. Askari anaangalia, anasema sawa, tunapita, tunafurahi. Tumemdanganya nani? Askari analala kwake. Moto haulizi makaratasi. Kama tuko na feza ya kununua kitu cha kuonyesha, tungoje mwezi moja, tununue chenye kufanya kazi.

Fungu la tatu ni vitu vya kukufanya uishi usiku moja njiani na watoto. Maji ya kunywa, chupa mbili kubwa kwa kila mtu, mbali na ile bidoni. Bulangeti moja kwa kila watoto wawili: tuko juu, karibu mita 1.200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa si wa kucheza nao. Plastiki kubwa ao bashi kwa mvua. Chakula chenye hakioze: karanga, mikate, biskwiti, mihogo ya kukauka. Dawa za mtu mwenye kuwa na ugonjwa wake, ya sukari ao ya damu kupanda, za siku tatu zaidi ya safari. Parasetamo ya watoto. Bendeji, kompresi, mikasi, gan za kushikia damu ya mwingine. Pakiti za kuchanganya na maji kwa mtoto mwenye kuhara. Kama hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko kidogo sita vya sukari, na nusu kijiko ya chumvi, si zaidi. Karatasi ya choo. Chaja ya simu ya motokari. Na kikaratasi yenye namba za simu zilizoandikwa na mkono, juu simu ikizimika, ni nani kati yetu anakumbuka namba ya kaka yake?

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Wale wa Kibemba, chakula cha njia walikiita impamba, na mtu hakutoka bila impamba. Na siye wa Katanga, siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho, juu njo siku babu zetu wafanya kazi walikuwa wanapokea posho ya juma: bunga, samaki, chumvi, mafuta. Bibi mwenye akili hakumaliza posho siku ile ile. Alijua juma ni ndefu. Siku ya posho leo njo siku ya safari. Basi motokari nayo ipewe yake.

Tunajua maneno yenye kurudi. La kwanza: feza. Vitu hivi ni bei. Kweli, kwa mara moja ni bei, na kuna miezi mshahara hauvuke juma la pili. Lakini hakuna mwenye kusema uvinunue mara moja. Mshahara moja, kitu kimoja. Mwezi huu triangle, mwezi ujao ekstinteri. Maji haina bei. Bulangeti iko mu nyumba. Kikaratasi ya namba haina bei. Upepo wa pine ni franka kidogo. Jamaa fulani ya kwetu walifanya likelemba ya motokari: nyumba sita, kila mwezi nyumba moja inapata vitu vyake. Mu miezi sita wote walikuwa navyo.

La pili: “Mungu atatulinda.” Siye nasi tunaomba mbele ya kutoka, na hatutaacha. Lakini ku mgodi tunaomba na kaske ku kichwa. Hakuna pasta ao padiri aliyetuambia kwamba sala na pine ya sekuru hazipatane.

La tatu: wezi. “Nikiacha pompe na kriki mu motokari, wataiba.” Inawezekana. Basi weka vitu vyote mu sanduku moja ao gunia moja lenye kufungwa, lilale mu nyumba, na liingie mu kofri la kwanza kabisa siku ya safari. Kuogopa mwizi si sababu ya kutembea bure.

La ine njo lenye nguvu: nafasi. Makala, bunga na mbuzi vinaomba nafasi, na vyote ni vya lazima, juu huwezi kufika ku jamaa mikono mitupu. Hapa njo tunaomba tukate shauri ngumu. Kofri iwe na mkubwa, na mkubwa yule asiwe mwenye kuendesha. Awe mama wa nyumba. Tunajua wababa watacheka. Lakini ni nani anajua mtoto gani anatapika mu safari, nani yuko na dawa gani, maji inatosha siku ngapi? Mama akisema makala gunia moja, iwe moja. Akisema pine ya sekuru haitoke, haitoke. Vitu vya hatari visifunikwe na magunia: triangle na torshi juu kabisa, fasi ya mkono. Vizito chini. Bidoni ya esanse isiingie ndani na watoto, hata kama ni kidogo.

Wasio na motokari nao wasome. Mingi ya jamaa zetu wanasafiri mu taxi-bus, wengine ishirini fasi ya watu kumi na wane. Kofri haiko yako, lakini kifuko ni chako. Maji, bulangeti nyepesi, torshi, dawa, namba za simu, chakula cha mtoto: vyote vinaingia mu kifuko kimoja chini ya kiti. Na mbele ya kulipa, uliza shofele kwa heshima: “Yaya, pine ya sekuru iko?” Mtu moja akiuliza, atakasirika. Abiria kumi wakiuliza kila siku, ataitafuta.

Tuko na ombi kwa wadelege wa sendika pia. Kila tarehe 1 ya mwezi wa tano tunapokea kikwembe ao mupira wa kuandikwa jina la kampuni, tunapita mbele ya wakubwa, tunarudi nyumba. Muzuri, hatukatai. Lakini mwaka ujao, wakati wa kuongea na kampuni, waulize: badala ya mupira, kila mfanya kazi apewe triangle mbili na ekstinteri ya kweli kwa motokari ya nyumba, na yule asiye na motokari apewe torshi na sanduku ya dawa. Kampuni zinasema kila siku zinataka mfanya kazi arudi kazini muzima. Njia ya kurudi kazini ni ile RN1. Na zile dakika 15 za asubuhi, mara moja kwa mwezi, siku ya Ijumaa ya malipo, ziwe za safari ya nyumba: nani anaenda wapi, atatoka saa ngapi, pine yake iko namna gani. Haiombe feza hata moja.

Mwisho, saa ya kutoka. Hakuna kitu mu kofri kinachoweza kushinda usiku. Tukitoka Kolwezi asubuhi, tukiharibikiwa Mulungwishi, tuko na jua lote la kutengeneza. Tukitoka alasiri, tumeshakula akiba yetu mbele ya safari. Kama feza imechelewa, kama nguo haijapasiwa, kama shemeki bado anaaga, tulale, tutoke kesho. Matanga yatatungoja. Ndoa itatungoja. Wakiuliza, tuseme ni mama wa kofri alikataa.

Mvua za kwanza ziko karibu. Siku ya posho hii, mbele ya kupakia mbuzi, fungua kofri ikiwa tupu, ita mkeo, ita mtoto mkubwa, toa pine ya sekuru, ipige na mguu, sikiliza. Washa torshi. Angalia sindano ya ekstinteri. Inaomba nusu saa. Yule mtoto wetu wa miaka miwili ametimiza mitatu sasa, na kila tunapoingia mu motokari anauliza kwanza: “Maji iko?” Tunamjibu iko, na anataka aione.